Mkwe Wangu Kwenye Kiti cha Kulia

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya Juni inayoingia mpaka kwenye kucha.

Naandika nikiwa ndani ya gari ambalo si langu, limeegeshwa nje ya nyumba ya wakwe zangu huku juu mlimani Meru. Natumia simu, na kila nikigusa herufi hii inatokea nyingine. Ndani ya nyumba amelala mama mkwe wangu, mwenye chuma kwenye nyonga, na mpaka dakika hii sijui kama leo nimemrudisha kwake au nimemvunja upya.

Ndiyo hivyo. Sijui.

Ngoja nianzie mwanzo. Labda nikishaandika, nitajua la kufanya.

Mnaonisoma siku zote mnajua kazi yangu: dereva wa watalii, mwanamke, mbugani, vumbi hadi kwenye kope. Lakini mimi ni mtu wa Singida. Kwetu barabara unaiona mpaka inapoishia, na mbugani nako hivyo hivyo. Milima siiwezi. Tangu Elia anioe, kila tukija kwao huku juu namwachia usukani nasingizia kichwa kinauma. Hajawahi kuuliza kwa nini kichwa changu huanza kuuma tukishapita Tengeru.

Mama alianguka shambani, kwenye migomba, akikata majani ya ng'ombe. Utelezi ule. Akapasuliwa mjini, akatiwa chuma, akalala hospitali mpaka akawachosha manesi kwa swali lake moja: naenda lini kwangu? Walipomruhusu, sisi tulishaandaa chumba pale kwetu mjini, Ngarenaro, godoro jipya, pazia jipya. Mama akasema hapana. Akasema na zile kelele za wachomelea mageti hawezi kupona, anataka alale akisikia ng'ombe wake. Mama akishasema hapana, mjadala umefungwa, hata mchungaji anajua.

Sasa daktari naye ana masharti yake. Alale chali, mguu unyooke, asikunje nyonga, asikae kitini njia nzima. Na nesi mmoja, Mungu ambariki, alituvuta pembeni mimi na Elia akatuonyesha cha kuangalia. Mkiona mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake, au unyayo umelalia upande wa nje, msingoje kukuche, mrudisheni. Mimi nilitazama kila kidole chake alivyokuwa akionyesha. Elia alikuwa anajibu simu.

Gari la wagonjwa tuliloulizia, dereva wake alisema njia ile kipindi hiki hapandi. Pikapu? Kwenye manyunyu haya, mgonjwa kama gunia la viazi?

Hapo ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nikasema: lipo gari la Waholanzi.

Waholanzi wenyewe ni wazee wawili wastaafu, mke na mume, wanaozunguka Afrika na gari lao la nyumba. Ndani lina kitanda, jiko, sinki, hadi choo. Niliwapeleka mbugani tukazoeana, na walipokwenda kwao kumwona mjukuu wakaniachia nilitunze, niwe naliwasha lisilale. Niliwaandikia kuomba. Bibi akajibu hapo hapo: mchukueni mama, gari hilo limeshapanda milima yote ya Uswisi, njia za kona tupu, mlima wenu halitauogopa.

Sikumjibu kwamba anayeogopa si gari.

Na kuna jambo moja ambalo lazima mlielewe, maana ndilo lililotufikisha hapa. Usukani wa gari hili uko kushoto, kama magari ya kwao. Sisi huku tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo mimi dereva nimekaa juu ya mtaro kabisa, na katikati ya barabara iko mbali nami. Kulipita gari la mbele siwezi mpaka aliyekaa kiti cha kulia aniambie njia nyeupe. Kwenye kona ya kushoto ndiyo balaa, ukingo wa mlima unaniziba, na anayeona kinachokuja ni yule wa kulia tu. Wale wazee walikuwa wakifanya hivyo hivyo huku kwetu: babu anaendesha, bibi anasema njoo, anasema ngoja. Kwa hiyo kiti cha kulia ndani ya gari hili ni cha kazi, hakuna kusinzia.

Mpango ulikuwa Elia akae hapo.

Mpango ulikufa getini hospitali. Kona ya kwanza tu, Mama akateleza kitandani akalia. Ikabidi mtu akae naye nyuma amshike kiuno, auzuie mguu kwa mito. Mzee, baba mkwe wangu, akajaribu, lakini mikono ya Mzee siku hizi inatetemeka. Mama akamfukuza. "Toka, utanimaliza. Niletee Elia."

Basi Elia akaenda nyuma, na Mzee akaja mbele. Pembeni yangu.

Jamani.

Niwaeleze kuhusu Mzee. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri hasa, hakosi ibada hata akiwa na homa. Lakini mambo ya ukwe anayafuata kama alivyoyakuta kwa babu yake. Kwake yeye, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai karibu, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Majirani wengi wameshalegeza, yeye bado. Elia kanieleza mara nyingi kwamba si chuki, ni heshima, na mimi naamini. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku akitazama mgomba. Akiwa na neno kwangu, anampa mtu mwingine alibebe, hata kama mimi nipo hapo hapo nasikia: mwambieni mama Glory chai inatosha. Glory ni binti yetu. Jina langu mimi sijawahi kulisikia mdomoni mwake, na nilikuwa na hakika halijui.

Alipanda, akajibana mpaka bega likagusa mlango, akafunga mkanda na kutazama nje. Mimi nikashika usukani kwa mikono yote miwili.

Kwenye lami tulikwenda salama. Sikumpita mtu yeyote, hata trekta. Nyuma yangu foleni ya honi mpaka Tengeru, kuna mmoja alinipita amefungua kioo kabisa ili anitukane vizuri. Nilipokea matusi yote kwa moyo mkunjufu. Tulipoacha lami tukaanza kupanda, watoto wakatukimbilia wakipiga kelele "nyumba inatembea!", na mimi hata kucheka sikuweza.

Kona ya kwanza ya kushoto. Nikapiga honi, nikapunguza mwendo. Mzee akaona kitu.

"Elia," akasema, taratibu kabisa, "mwambie mama Glory kuna bodaboda."

Elia kutoka nyuma: "Baba anasema kuna bodaboda!"

Bodaboda ilishapita. Nilikuwa naona mgongo wa dereva wake kwenye kioo cha pembeni.

Kona ya pili, ng'ombe. "Elia, mwambie mama Glory asogee kushoto." Habari ikasafiri hadi nyuma, ikageuza, ikarudi: "Sogea kushoto!" Wakati huo ng'ombe tumeshawaacha na kushoto ni mtaro. Nikasogea kama nilivyoambiwa, mjinga mimi, tairi likaangukia kwenye mtaro, vyombo vya Waholanzi vikalia kabatini, na Mama akapiga yowe.

Nilitoka mtaroni. Nikasema, kwa hewa, si kwa mtu: "Jamani, anayeona aniambie mimi."

Mzee akakohoa. Akanyoosha koti lake. Nilihisi kana kwamba nimemtaka avue nguo hadharani.

Hapo ndipo nilipaswa kusimamisha gari. Najua. Ningesema hatuendi popote mpaka tupatane nani anaona na nani anasema. Sikusema. Niliogopa kumvunjia Mzee heshima kuliko nilivyoogopa lile bonde, na Mama ndiye alikuwa kitandani. Hilo hata Elia sijamwambia.

Tukaendelea hivyo hivyo. Elia mwambie, Elia mwambie. Kuna wakati nilianza kukisia maneno yakiwa bado upande wa Mzee, lakini naye anaongea kwa sauti ya chini upande wa dirisha, injini inamfunika.

Kuna kona moja kabla ya kanisa lao. Kushoto udongo umesimama wima na mizizi yake nje, kulia mashamba ya kahawa yanashuka mpaka yanapotea kwenye ukungu. Nikapiga honi ndefu. Gia ya kwanza. Naona udongo tu, naona mizizi.

Mzee akainuka kidogo kitini. "Elia, mwambie..."

Nyuma, Mama alikuwa anatapika. Elia ameshika beseni, hakusikia.

"Elia!"

Nikasikia kiganja kikipiga dashibodi.

"Zawadi! Simama! Simama hapo hapo!"

Nilikanyaga breki kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikatokea konani kimejaa mikungu ya ndizi, kikateleza kwenye tope, kikasimama pua yake ikiwa karibu igusane na yetu. Ndizi moja ikadondoka juu ya boneti letu. Nakumbuka niliitazama ile ndizi muda mrefu.

Halafu Mama. Ile sauti sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Mguu umegonga ubao wa kitanda," Elia akasema.

Nikaanza kufungua mkanda nikamwone. Mzee akageuka. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Kaa. Ukitoka hapo nani atalitoa gari barabarani? Na nani alikufundisha kukanyaga breki namna hiyo? Unaua nyoka?"

Najua nilipaswa kujibu kitu cha maana. Kilichonitoka mdomoni ni: "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rudi nyuma."

Kwa nini mimi nirudi na si kirikuu? Kwa sababu yule dereva alitoa kichwa dirishani akasema, bila aibu, "Dada, rudi wewe, mimi rivasi haishiki." Nikamuuliza anashukaje mlima na mzigo bila rivasi. Akasema ndiyo hivyo dada, tunakomaa tu.

Sasa fikirieni. Kurudisha nyuma gari refu kama darasa, kwenye utelezi, usukani upande mbaya, bonde upande mwingine, na mgonjwa kitandani. Mzee akashusha kioo, akatoa kichwa na mabega nje, manyunyu yanampiga kofia. "Rudi. Rudi. Polepole, hatuwahi harusi. Kata kulia. Umezidisha, nyoosha. Rudi tena. Basi! Basi, ukiongeza tunakwenda kuchuma kahawa." Nilimtii kila neno. Sikuona chochote zaidi ya mgongo wake, na nilirudi kwa mgongo wake mpaka mahali palipopanuka. Kirikuu kikapita. Dereva akapunga mkono, ati asante.

Baada ya pale Mzee hakunyamaza tena. Kona hii ina mchanga. Hii piga honi mbili, kuna mjukuu wa fulani anaendesha kama kichaa. Hapa kaa katikati. Hapa pumua. Mimi naitikia ndiyo baba, ndiyo baba, na masikio yangu yote yako nyuma, kwa Mama, ambaye alikuwa anaguna kila jiwe tulilokanyaga.

Tukafika. Wanaume wa jirani wakambeba Mama na godoro lake. Akina mama wa kanisa walikuwepo, mawifi zangu nao, uji tayari, wimbo tayari. Wakamwingiza chumbani, mlango ukafungwa.

Mimi nikabaki nje na gari.

Maana kile ni chumba chake na Mzee. Mke wa mwana haingii anapolala baba mkwe. Sijawahi kuvuka lile pazia hata siku moja, na leo si siku ya kuanza kujifanya sijui. Nikajifanya nafuta tope kwenye taa za gari. Nimezifuta hadi zinanishangaa.

Wifi akatoka na beseni. Nikamwomba: wifi yangu, hebu angalia unyayo wake, umekaaje? Akarudi ndani, akatoka. "Upo."

Najua upo, wifi!

Nikamwita Elia. Akaenda, akarudi akijikuna kichwa. Anaona kama uko sawa. Au kama umelalia nje kidogo. Au labda ni blanketi. Nikamwambia apige picha. Picha imekuja: giza, kona ya blanketi, na kitu ambacho kinaweza kuwa kidole gumba au kiazi. Nampenda mume wangu, lakini leo ningemrushia kile kiazi.

Mama anaugulia. Mawifi wanasema ni uchovu wa njia. Wanasali, wanasema Mungu ni mwema, na mimi nasema amina nikiwa huku nje. Lakini nesi hakusema tungoje tuone. Alisema mrudisheni. Mchana unaisha, ukungu umeshafunika migomba ya jirani. Kama ule mguu umefupika, inabidi niwashe gari sasa hivi, nishuke kona zile zile kwenye ukungu, na Mama nyuma. Kama haujafupika na nikamtoa kitandani bure, nitamvunja kwa mikono yangu. Mtu pekee aliyeona vizuri vidole vya nesi ni mimi, na mimi niko upande huu wa ukuta naandika.

Nifanye nini? Niingie kwa nguvu? Mzee ameshanitamka jina mara moja leo kwa sababu ya ajali. Nimkanyagie na chumba?

Nimeandika mpaka hapa, nimekwama.

*

Narudi. Imeshaingia magharibi. Ngoja nieleze kabla sijaanza tena kulia.

Mtu aligonga mlango wa gari. Nikadhani Elia na kikombe cha chai. Ni Mzee. Amesimama kwenye manyunyu, kofia mkononi, na nyuma yake barazani akina mama wote wa kanisa wametulia wanatazama.

"Zawadi," akasema, si kwa sauti ya chini. "Elia anasema nesi alikuonyesha wewe."

"Ndiyo, baba."

"Sasa unangoja nini huku? Njoo umwangalie mama yako."

Akatangulia. Mimi nyuma yake. Tukapita barazani, wifi mkubwa kaweka mkono mdomoni. Mlangoni nikavua viatu, nikasimama, maana mwili wenyewe ulikataa kuendelea. Mzee akalishika lile pazia akalivuta pembeni.

"Ingia."

Nikaingia. Sikutazama kitanda chake upande wa ukutani, sikutazama nguo zilizotundikwa, nilitazama miguu ya Mama tu. Nikafunua blanketi. Nikaweka visigino pamoja kama nesi alivyofanya. Nikapima magoti. Nikarudia visigino. Vidole vinatazama juu, vyote kumi. Hakuna mguu mfupi. Kuna jeraha kwenye ugoko, pale ulipogonga ubao, limevimba, lina rangi ya zambarau, na nimefurahi kuliona kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu.

"Tikisa vidole, Mama."

Akatikisa. "Umemaliza? Sasa niambieni nani kampa ng'ombe wangu majani, maana tangu nimefika nasikia analia."

Wote wakacheka barazani. Mimi nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia, na Mama akanipiga piga kichwani kama anamtuliza ndama.

Sitadanganya, usiku huu nitauota ule mgongo wa Mzee dirishani. Kesho gari lazima lishuke, Elia anabaki na Mama, na kona ni zile zile. Bado naziogopa.

Nilipotoka chumbani Mzee alikuwa bado amelishika pazia, mkono unamtetemeka. Akaniuliza, mbele ya watu wote, kesho nashuka saa ngapi. Nikamwambia ukungu ukiondoka, baba. Akasema basi atavaa koti mapema, nisije nikamwacha.